Rektifaya ya thairista ya fezi tatu: kuzuia volti kupanda na kuyumba mzigo unapokuwa mdogo

Chaja ya betri ya kituo cha kupozea umeme ikijaribiwa kwa mzigo kamili, kwa kawaida hufaulu. Ampea 50 zinatoka, volti zimetulia, mkaguzi anasaini. Baadaye betri inajaa, kinachobaki ni relei na taa za paneli zinazokula ampea tatu hivi, na hapo sindano ya voltimita inaanza kucheza, choki (koili ya kulainisha mkondo) inaunguruma kwa sauti ambayo haikuwa nayo, na king'ora cha volti kubwa kinalia usiku wa manane. Fundi anaitwa, anabadilisha kadi ya palsi (bodi inayotuma mapigo ya kuwasha rektifaya), anaondoka. Kesho yake ni yaleyale.

Mara nyingi kadi haina kosa lolote. Mzigo ukishuka chini ya kiwango fulani, rektifaya ileile (saketi inayogeuza AC kuwa DC), yenye thairista zilezile (swichi za elektroniki zinazowashwa kwa palsi), inaanza kufuata kanuni nyingine. Aliyeipanga kwa kanuni ya mzigo mkubwa amepanga nusu ya kazi. Mwongozo huu unahusu ile nusu nyingine, na mpangilio wa hatua zake una sababu: palsi kwanza, mzigo wa kudumu baadaye, kidhibiti mwisho. Ukianza na kuzungusha potensiometa za kidhibiti wakati thairista zenyewe hazishiki sawasawa, utashinda hapo mchana kutwa.

Chaja ya mfano

Nitatumia chaja moja ya mfano ili namba zisielee hewani. Ni chaja ya 110 V DC, daraja kamili la thairista sita. Betri ni ya risasi na asidi, seli 55. Chaji ya kudumisha ni volti 2.23 kwa seli, jumla 122.7. Chaji ya kujaza ni volti 2.40 kwa seli, jumla 132. Transfoma inatoa volti 125 kati ya laini na laini upande wa pili. Kuna choki ya milihenri 5, kapasita za jumla ya mikrofaradi 10,000, na uwezo wa ampea 50. Umeme ni wa 50 Hz. Chaja yako itakuwa na namba zake. Ziweke kwenye kanuni hizihizi.

Kinachobadilika mzigo ukipungua

Mkondo unapotiririka kwenye choki bila kukatika, volti za wastani ni hizi:

Vd = 1.35 × V × cos α

V ni volti za laini kwa laini, na α ni pembe ya kuwasha, inayohesabiwa kuanzia pale ambapo daiodi ingeanza kupitisha yenyewe. Kwa mfano wetu, 1.35 × 125 ni 169, na ukitaka volti 122.7 unahitaji α ya digrii 43 hivi. Tazama kwamba mzigo haumo ndani ya kanuni hiyo. Ziwe ampea 10 au 50, pembe ni ileile, ukiacha upotevu mdogo kwenye nyaya, transfoma na thairista zenyewe.

Sasa punguza mzigo. Mkondo wa choki una viwimbi, na wastani unaposhuka, mabonde ya viwimbi hivyo yanagusa sifuri. Kuanzia hapo thairista mbili zinazopitisha zinazima kabla zamu ya zinazofuata haijafika. Panabaki pengo ambalo hakuna kinachopita, na kapasita inakaa na volti zake. Rektifaya haitoi tena wastani wa wimbi. Inaijaza kapasita kuelekea volti zilizopo kwenye laini wakati ule palsi inapofika. Bila mzigo kabisa, kwa pembe za digrii 30 hadi 120, volti zitakuwa:

Vd = 1.414 × V × sin(60° + α)

Chini ya digrii 30 zinafika kilele chenyewe, yaani volti 177 kwa chaja yetu.

Iache pembe pale kwenye 43, ondoa mzigo wote, na kanuni ya pili inakupa volti 172. Hizo ni volti 3.1 kwa kila seli. Betri ikiwa imeunganishwa itajaribu kuzinyonya, ichemke na kupoteza maji. Fyuzi ya betri ikiwa imetolewa, watakaozipokea ni relei na vifaa vya elektroniki vya paneli. Ili kubaki kwenye 122.7 bila mzigo, pembe inatakiwa isogee hadi digrii 76. Kidhibiti kinatakiwa kitembee digrii 33 kwa sababu ya mabadiliko ya mzigo peke yake, jambo ambalo kwenye mzigo mkubwa halihitajiki kabisa.

Mpaka kati ya hali hizo mbili unapatikana hivi, kwa daraja la thairista sita kwenye 50 Hz:

I = 0.4 × V × sin α ÷ L

L ni indaktansi kwa milihenri, nayo I inatoka kwa ampea. Kwetu: 0.4 × 125 × 0.687 ÷ 5, yaani ampea 6.9. Kituo kinachokula ampea tatu kinaishi chini ya mpaka huo mwaka mzima. Huo ndio mzigo wake wa kila siku, na chaja ipangwe kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Andaa mahali na vyombo

Kapasita za mikrofaradi 10,000 zikiwa na volti 123 zinahifadhi jauli 75, na betri ya kituo ikipigwa shoti kwa spana haikupi nafasi ya pili. Zima, tenganisha, subiri, pima, ndipo uguse. Betri isiondolewe wala kurudishwa chaja ikiwa inafanya kazi.

Osiloskopu ndiyo itakayokuonyesha ukweli, lakini waya wake wa ardhi usiuweke kwenye katodi ya thairista hata siku moja. Tumia probu ya tofauti, ile inayopima kati ya pointi mbili bila kugusa ardhi. Kukata pini ya ardhi ya plagi ya osiloskopu, kama wanavyofanya baadhi yetu, kunafanya bodi nzima ya chombo iwe na umeme wa laini. Kama probu hiyo huna, azima.

Uwe pia na klempu mita inayosoma DC, na multimita inayosoma AC juu ya DC ili uone viwimbi.

Hatua ya 2: Weka mzigo wa majaribio unaoujua

Kupima rektifaya ya thairista ikiwa na multimita tu kwenye vituo vyake ni kujidanganya. Kila thairista ina rezista na kapasita za ulinzi sambamba nayo, na hizo hupitisha mkondo mdogo hata geti (miguu ya thairista inayopokea palsi) zikiwa kimya. Multimita yenye ukinzani wa megaomu itakusomea volti kadhaa ambazo zinatoweka ukiweka balbu. Wapo waliobadilisha thairista nzima sita kwa sababu ya volti hizo za uongo.

Tafuta balbu za zamani za waya, zile za 230 V wati 100. Kwenye volti 122 kila moja inavuta kama ampea 0.3, kwa hiyo ukiwa nazo tatu unaweza kupanda ngazi kwa ngazi hadi karibu ampea moja. Balbu za LED hazifai. Balbu za waya zimeanza kuadimika madukani; elementi ya hita ya maji ya 230 V, wati 1000, inavuta ampea 2.3 kwenye volti hizo, mradi iwe imezama ndani ya ndoo ya maji. Elementi tatu sambamba zinakufikisha ampea 6.9, mpakani kabisa mwa mfano wetu.

Hatua hizi za mwanzo zifanye betri ikiwa nje na vifaa vya paneli vikilishwa kutoka chanzo kingine. Betri ni kapasita kubwa mno. Inaficha maovu yote ya rektifaya.

Hatua ya 3: Hakikisha kila thairista inanasa

Hapa ndipo matatizo mengi ya mzigo mdogo yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Thairista ina mikondo miwili ya kujali. Mkondo wa kunasa ni ule ambao lazima ufikiwe kabla palsi ya geti haijaisha, la sivyo thairista inazima tena kana kwamba haikupigwa. Mkondo wa kushikilia ni mdogo zaidi. Ni ule ambao ikishanasa inahitaji ili ibaki imewaka. Kwa moduli za ukubwa wa chaja kama hii, tarajia mamia ya miliampea: kushikilia kwenye 150 hadi 250, kunasa kwenye 300 hadi 600. Soma karatasi ya moduli yako uchukue namba ya juu. Tufanye kunasa ni ampea 0.6.

Kwenye mzigo mkubwa mkondo unahamishwa kutoka thairista moja hadi nyingine ukiwa tayari mkubwa, na palsi fupi inatosha. Kwenye mzigo mdogo kila zamu inaanza na sifuri. Kinachousukuma mkondo ni tofauti tu kati ya volti za laini na volti za kapasita, nayo choki inauzuia usipande haraka. Chukua mzigo wa ampea 0.56. Ukifanya hesabu, pembe inakaa karibu digrii 63, na palsi inapofika laini imeizidi kapasita kwa volti kama 26. Gawa kwa milihenri 5: mkondo unapanda miliampea 5 kwa kila mikrosekunde. Kufika ampea 0.6 kunachukua mikrosekunde 125 hivi. Palsi ya mikrosekunde 30 inauacha mkondo kwenye ampea 0.15, na thairista inazima.

Basi volti za kapasita zinashuka, kidhibiti kinaleta pembe mbele (kinaipunguza), tofauti inakua, mara ghafla thairista moja inanasa na kumwaga mkondo mwingi kwa mkupuo. Volti zinaruka juu, kidhibiti kinakimbia nyuma, palsi zinakosa tena. Ukiangalia mita unaona kuyumba na unalaumu kidhibiti.

Tiba ni kurefusha palsi. Kadi nyingi zinazotengenezeka kwenye karakana zetu zina IC ya TCA785, moja kwa kila fezi. Ikiwa pini ya 12 haijaungwa popote, palsi yake ni ya mikrosekunde 30 hivi, ileile tuliyoona haitoshi. Kapasita ndogo kutoka pini hiyo kwenda ardhi ya kadi inairefusha, takriban mikrosekunde 620 kwa kila nanofaradi moja. Kapasita ya pikofaradi 470 inakupa kama mikrosekunde 290, zaidi ya mara mbili ya tulichohitaji.

Kabla ya kufurahi, angalia transfoma ya palsi. Ndogo zile zilizotengenezwa kwa palsi fupi zinajaa sumaku katikati ya palsi ndefu, na unachokiona kwenye geti ni mwiba wa mwanzo kisha hakuna kitu. Pima kwenye geti yenyewe. Kinachotoka kwenye IC hakikuambii yanayotokea huku. Kama zinajaa, chopoa palsi ndefu iwe msururu wa palsi fupi za kilohezi 5 hadi 10. Huo ndio mtindo ninaoupendelea kwa mzigo mdogo: ukiuacha msururu uendelee kwa sehemu kubwa ya zamu ya thairista, hata ikikosa kunasa mara ya kwanza inapigwa tena muda mfupi baadaye.

Kuna jambo la pili kuhusu palsi. Daraja linahitaji thairista mbili ziwe zimewaka pamoja, moja juu na moja chini. Mkondo ukiwa umekatika zote mbili zimezima, hivyo lazima zote mbili zipigwe kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila thairista inapaswa kupata palsi mbili, ya pili ikifuata digrii 60 baada ya ya kwanza, au palsi moja ndefu inayozidi digrii 60. Fuata jozi, thairista zikihesabiwa kwa mpangilio wa zamu zao: 6 na 1, 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4, 4 na 5, 5 na 6, kisha mwanzo. Chaja yenye palsi moja moja inaweza kufanya kazi ikiwa tayari ina mzigo mkubwa, halafu ikakataa kabisa kuwaka mzigo ukiondoka. Ukiona dalili hiyo, usitafute mbali.

Hatua ya 4: Sawazisha palsi sita

Kwenye mzigo mkubwa, palsi moja ikiwahi kwa digrii tatu hakuna atakayeona. Kwenye mzigo mdogo ni kisa kingine. Karibu na digrii 76 volti za laini zinashuka kwa kama volti 2.2 kila digrii moja, kwa hiyo jozi iliyowahi digrii tatu inakuta volti 6 au 7 zaidi ya wenzake. Inaijaza kapasita yenyewe, na jozi nyingine zikifika zinakuta kapasita iko juu ya laini, haziwaki. Jozi moja inabeba kazi ya sita.

Sikiliza choki. Ikiwa sawa inaimba kwa 300 Hz. Mngurumo mzito wa 50 Hz ni dalili ya thairista au jozi moja inayotofautiana na wenzake; 100 Hz mara nyingi ni fezi iliyopotea au fyuzi iliyokatika. Kisha thibitisha kwa osiloskopu: umbali kati ya palsi na palsi uwe milisekunde 3.33, na tofauti isizidi digrii moja, yaani mikrosekunde 56. Kwenye kadi ya TCA785 tatu, kila fezi ina trimpoti (potensiometa ndogo) ya mteremko wake; zirekebishe mzigo ukiwa balbu moja tu, kwa sababu ukiweka mzigo mkubwa kosa linajificha tena.

Hatua ya 5: Chagua mzigo wa kudumu, kwa kiasi

Ushauri unaosikika sana ni kuweka rezista kubwa upande wa DC ili mkondo usikatike kamwe. Ufanyie hesabu. Mpaka wetu ni ampea 6.9, kwa volti 122.7 hizo ni wati 846 zinazogeuzwa joto usiku na mchana, karibu uniti 20 za umeme kila siku, ndani ya chumba ambacho betri yake haipendi joto. Siukubali ushauri huo.

Rezista ina kazi nyingine ndogo inayolipa zaidi. Tulishaona kwamba bila mzigo pembe ni 76, na kwa ampea 0.56 ni 63. Zile digrii 13 zote zinatokana na nusu ampea ya mwisho. Rezista ya omu 220 inavuta ampea hizo 0.56 na kupoteza wati 68 kwenye chaji ya kudumisha, wati 79 kwenye chaji ya kujaza. Inakuondolea sehemu mbaya kuliko zote, inahakikisha kila mkupuo wa mkondo unapita kiwango cha kunasa (kwa mfano wetu kilele chake ni kama ampea 2), na inaimaliza kapasita chaja ikizimwa. Nunua ya wati 200, kwa sababu volti zikipanda hadi 172 kwa hitilafu itapokea wati 134. Iweke juu, mbali na nyaya na kapasita.

Kama kituo chako tayari kina mzigo wa kudumu wa ampea mbili au tatu ambao hauzimwi, rezista hii inabaki kwa ajili ya siku za matengenezo tu.

Choki kubwa zaidi inashusha mpaka pia: milihenri 10 badala ya 5 zinaupeleka kwenye ampea 3.4. Zipo choki zenye mwanya wa hewa wa ngazi, ambazo indaktansi yake hupanda mkondo unapopungua, na hizo ndizo zinazofaa hasa kwa chaja. Ila kumbuka kwamba choki kubwa inachelewesha mkondo kufika kiwango cha kunasa, hivyo ukiibadilisha rudi hatua ya 3 upime upana wa palsi upya. Transfoma yenye tepu (vituo vya kuchagua volti) nayo inasaidia kidogo: kwenye tepu ya 115 V mpaka unashuka hadi ampea 5.6, lakini hakikisha kwamba umeme wa laini ukipungua kwa 10% bado unapata volti 132 za chaji ya kujaza.

Hatua ya 6: Panga kidhibiti kikiwa kwenye mzigo mdogo

Sasa shika potensiometa.

Rektifaya ina kasoro moja ambayo hakuna kidhibiti kinachoweza kuifuta: inaweza kupandisha volti, haiwezi kuzishusha. Ikipitiliza, inachoweza ni kuacha kupeleka na kungoja mzigo ule kilichozidi. Kwa kapasita zetu, ampea 0.56 zinashusha volti moja kwa milisekunde 18. Bila ile rezista, mzigo ukiwa miliampea 20 za vifaa vya kupimia tu, volti moja inachukua nusu sekunde, na kupitiliza kwa volti tano kunachukua sekunde mbili na nusu kurudi.

Muda wote huo sehemu ya I ya kidhibiti inaendelea kujumlisha kosa. Inaisukuma pembe nyuma hadi mwisho wa njia, 120 au zaidi. Volti zinapofika pale zilipopangwa, kidhibiti kiko mbali, kinatakiwa kirudi safari yote hiyo kabla palsi moja haijafanya kazi. Volti zinazama, kisha zinarushwa juu. Kuyumba kwa polepole, kwa sekunde kadhaa kila mzunguko, chanzo chake karibu kila mara ni hicho.

Kwa hiyo weka ukomo wa pembe ya nyuma. Bila mzigo tunahitaji 76. Umeme wa laini ukipanda kwa 10% tunahitaji 81. Ukomo wa digrii 85 hadi 90 unatosha kwa kazi ya kawaida, na unamnyima I nafasi ya kupotea. Wakati wa kuwasha chaja, ukomo huo uondolewe ili pembe ianzie 120 na kusogea taratibu. Kama kidhibiti ni cha programu, simamisha kabisa ujumlishaji wa I pale pembe inapogusa ukomo wowote. Kama ni cha op-amp (IC ya kukuza volti), zena (daiodi inayozuia volti zisipite kiwango) sambamba na kapasita ya I hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo.

Mrejesho wa volti uchukue kwenye vituo vya betri, uchuje 300 Hz kwa kichujio cha milisekunde 10 hadi 20. Usizidishe, kila milisekunde unayoongeza ni ucheleweshaji mwingine.

Halafu geini, yaani ukali wa kidhibiti kujibu kosa: P hujibu kosa la sasa, I hujibu kosa lililojumlishwa. Weka balbu moja, I ikiwa ndogo kabisa. Ongeza P hadi volti zianze kutetemeka, irudishe nusu. Ongeza I mpaka kosa linafutika ndani ya sekunde moja au mbili bila kupitiliza zaidi ya volti mbili. Chaja si mota ya lifti. Hakuna anayehitaji kasi. Ukishamaliza, weka mzigo mkubwa uangalie upya: mkondo usiokatika unaleta mlio wa choki na kapasita, ambao kwa mfano wetu uko karibu 22 Hz. Ukiona mtetemo wa kasi hiyo, punguza P. Kwa kadi yenye nafasi moja tu ya geini utaishia na maafikiano, na katika maafikiano hayo mimi huupa mzigo mdogo kipaumbele, maana ndiko chaja inakoishi. Kidhibiti cha programu kinaweza kuwa na jozi mbili za geini, kikibadilisha kwa kusoma mkondo: chini ya ampea 6, jozi ya polepole; juu ya 8, jozi ya kawaida. Nafasi kati ya 6 na 8 isiguswe, ili kisirukeruke mpakani.

Joto nalo limo. Betri za risasi hutaka volti zishuke chumba kinapopata joto, kwa kawaida kama milivolti 3 kwa seli kwa kila digrii ya Selsiasi. Kwa seli 55 na digrii 10 za ziada, hizo ni volti 1.65. Chumba cha betri cha Tanga au Mombasa mwezi wa Februari hakifanani na cha Njombe mwezi wa Julai. Thamani kamili ifuate karatasi ya betri yenyewe.

Hatua ya 7: Kinga isiyotegemea kidhibiti

Waya mmoja wa mrejesho uliokatika, na kidhibiti kinaamini volti ni sifuri: kitaleta pembe mbele kabisa, na kwa mzigo mdogo hiyo ni volti 177. Weka relei ya volti kubwa yenye mgawanyo wake wa rezista na nyaya zake, isiyoshiriki chochote na mrejesho. Kwa chaja hii ipange kwenye volti 138 hadi 140, ikate palsi zote na kufungua kontakta ya upande wa AC. Kukata palsi peke yake hakutoshi thairista ikiwa imepiga shoti.

Kama vifaa vya paneli havivumilii volti 132 za chaji ya kujaza, daiodi za kushusha kati ya betri na mzigo zinakula kama volti 0.7 kila moja, na kontakta inaziruka volti zikirudi chini. Kwa mkondo mdogo sana zinakula pungufu ya hapo, kwa hiyo pima ukiwa na mzigo halisi wa kituo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa ngazi, uandike

Bila betri, anza na rezista ya kudumu peke yake, kisha balbu moja, tatu, elementi moja, mbili, tatu. Kila ngazi andika volti, mkondo, pembe na viwimbi. Pembe unaipata kwenye osiloskopu: kila digrii ni mikrosekunde 55.6. Kwa mfano wetu tarajia karibu 63 kwenye rezista peke yake, ikishuka polepole hadi jirani ya 43 ukikaribia ampea saba, na baada ya hapo isisogee tena isipokuwa kufidia upotevu. Ukiona pembe inaruka ghafla kati ya ngazi mbili badala ya kuteleza, rudi hatua ya 3, kuna thairista isiyonasa. Ikiteleza vizuri lakini viwimbi ni vya 50 Hz, rudi hatua ya 4.

Kisha jaribio gumu: ukiwa na elementi zote tatu, zikate kwa breka moja. Volti zitapanda, angalia zinafika wapi na zinachukua muda gani kurudi. Zisifike kwenye relei ya volti kubwa, na zikirudi zisizame chini ya volti 118 hivi. Rudia ukiwa kwenye chaji ya kujaza, ambako nafasi hadi kwenye relei ni volti sita hadi nane tu. Kama relei inadaka hapo, usiipandishe. Ongeza kapasita.

Mwisho zima chaja, unganisha betri, washa tena, na uiache ifanye kazi usiku kucha kwa mzigo wa kituo peke yake. Asubuhi pima viwimbi vya mkondo unaoingia kwenye betri kwa klempu mita, na karatasi ya vipimo uibandike ndani ya mlango wa chaja ili fundi ajaye aikute.